Mwongozo Kamili wa Kumtunza Mjusi Joka wa Maji Nyumbani

Malalamiko ya wanaofuga mjusi joka wa maji ni yaleyale kila siku. Pua imechubuka hadi nyama inaonekana. Vidole vinatetemeka. Wiki nzima hajagusa chakula, na ule ukijani wake umegeuka kahawia iliyofifia. Mfugaji anakimbilia dawa, anabadilisha wadudu, anambembeleza, na hali inabaki palepale.

Ukichunguza, mara nyingi mgonjwa ni kizimba. Ndiyo maana katika mwongozo huu mjusi mwenyewe haingii ndani mpaka hatua ya tano. Kama tayari unaye, anza hatua ya kwanza hivyohivyo: pima, kagua, rekebisha.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kumleta

- Kizimba kimoja cha kudumu. Kwa mjusi mmoja mzima, kisipungue urefu wa sentimita 120, kina cha sentimita 60 na kimo cha sentimita 180.
- Taa ya UVB (mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho) ya mrija mwembamba, aina ya T5, yenye nguvu ya asilimia 5 au 6. Balbu ndogo za UVB za kuzungusha hazitoshi kwa kizimba cha ukubwa huu.
- Balbu ya joto yenye mwanga mweupe, soketi ya kauri na kizuizi cha waya cha kuikinga.
- Thamostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto.
- Vipimajoto viwili vya dijitali na kipima unyevu kimoja.
- Matawi manene na mimea hai isiyo na sumu wala dawa ya wadudu.
- Mabeseni mawili ya maji yanayofanana. Sababu yake iko hatua ya nne.
- Udongo wa kuweka sakafuni: unga wa makumbi ya nazi, au mchanganyiko wake na udongo wa bustani usio na mbolea ya viwandani.
- Chupa ya kunyunyizia maji.
- Kalsiamu ya unga isiyo na fosforasi, na unga wa vitamini mchanganyiko wenye D3.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.

Kama bajeti inabana, punguza mapambo, lakini usiguse taa ya UVB wala ukubwa wa kizimba.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni mjusi yupi, na ametoka wapi

Tunamzungumzia *Physignathus cocincinus*, mjusi wa kijani anayeishi kandokando ya mito na vijito vya misituni huko Thailand, Laos, Kamboja, Vietnam na kusini mwa China. Dume hufikia karibu sentimita 90 ukijumlisha mkia, na mkia peke yake ni zaidi ya nusu ya urefu huo. Jike ni mdogo kidogo. Akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15, wengine zaidi.

Wengi humchanganya na iguana wa kijani, na mchanganyo huo huua, kwa sababu iguana hula majani matupu na huyu hula wadudu. Pia yuko jamaa yake wa mashariki mwa Australia, *Intellagama lesueurii*, anayestahimili baridi kuliko huyu. Vipimo vya joto vya hapa chini si vyake.

Tangu mwaka 2023 mjusi huyu yuko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, maana yake biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji kibali. Porini amepungua kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Uliza sheria za unapoishi, kisha mtafute aliyezaliwa kwa mfugaji. Aliyekamatwa porini huja na minyoo tumboni, woga mwingi na mara nyingi pua iliyokwisha kuumia safarini.

Utajua umefaulu: muuzaji anakuonyesha wazazi wake au kumbukumbu za kuanguliwa, na mjusi ana macho maangavu, taya imara na vidole vyote.

## Hatua ya 2: Jenga kizimba cha kwenda juu

Mjusi huyu hukaa kwenye matawi yaliyoinamia maji. Akishtuka hujiachia, anatumbukia mtoni na kuogelea akatoweka. Nyumbani silika hiyo haiondoki. Tofauti ni kwamba chini hakuna mto, na mbele yake kuna kioo asichokielewa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zake huishia kwenye kioo, kwa pua.

Pua iliyochubuka haiponi yenyewe wakati mjusi anaendelea kuigonga. Kidonda huota usaha, usaha huingia kwenye taya, na baada ya miezi unaona meno yametokeza nje pasipo mdomo wa kuyafunika. Uzuie mapema hivi:

Kuta tatu ziwe za kitu kisichopenyeza mwanga: mbao zilizopakwa rangi isiyopitisha maji, au plastiki ngumu. Upande wa mbele tu ndio uwe kioo, na hata hapo bandika karatasi nzito au plastiki ya rangi kwa nje, kuanzia chini hadi sentimita 15 au 20 kwenda juu. Mjusi akiona ukuta, hageuki kuugonga. Kama bado anagonga, pandisha kizuizi hicho juu zaidi.

Wavu wa waya pande zote haufai. Unyevu unatoroka, na kucha na pua huumia kwenye matundu. Acha sehemu za wavu juu, na nyingine ndogo chini upande mmoja, hewa ipate njia ya kupita.

Panga matawi kwa mshazari, mengine ya kulala, yawe na unene unaokaribia kiwiliwili chake. Yafunge kwa skrubu kutoka nje. Tawi linalocheza mjusi hulikataa, na likianguka linaweza kumvunja. Kisha jaza majani, hasa katikati na juu. Mjusi mwenye pa kujificha ndiye anayejitokeza, kwa kuwa anajua ana pa kukimbilia.

Tanki la samaki lililobaki stoo si nyumba ya mjusi huyu, hata "kwa muda tu". Muda huo hurefuka, naye anakua haraka.

## Hatua ya 3: Joto na mwanga

Washa kila kitu siku kadhaa kabla mjusi hajafika, na uandike vipimo asubuhi, mchana na usiku.

Mahali pa kuotea joto, kwenye tawi la juu upande mmoja: nyuzijoto 32 hadi 35 za Selsiasi, zikipimwa palepale atakapolaza tumbo. Sehemu nyingine za kizimba mchana: 27 hadi 29 juu, na 24 hadi 26 chini upande wa kivuli. Usiku: 22 hadi 24. Tofauti hizi ni za lazima. Mjusi hana joto la ndani la kujitegemea. Anapanda na kushuka kulitafuta, na bila joto la kutosha hameng'enyi chakula hata kama amekila.

Balbu ya joto iunganishwe na thamostati na ifunikwe kwa kizuizi cha waya. Ukiiacha wazi, siku moja ataikumbatia, na ataungua kabla hajahisi. Kwa sababu hiyohiyo usitumie mawe ya umeme yanayopashwa moto. Mijusi hutarajia joto litoke juu, na tumbo lililolala juu ya jiwe linaweza kuungua taratibu bila yeye kuondoka. Usiku ukiwa wa baridi, tumia kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga. Taa nyekundu za usiku waachie wauzaji wake, mjusi anaziona.

Taa ya UVB ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu ikishindwa huoni. Mionzi hiyo huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D3, na bila D3 mwili haufyonzi kalsiamu, hata ungemlisha unga wa kalsiamu kwa kijiko. Zingatia mambo manne:

1. Mrija ufunike nusu hadi theluthi mbili ya urefu wa kizimba, upande uleule wa balbu ya joto, ili anapoota joto apate mionzi pia.
2. Kutoka kwenye taa hadi mgongo wa mjusi iwe kama sentimita 30. Soma pia maelekezo ya mtengenezaji, kwa kuwa taa hazilingani.
3. Kati yao pasiwe na kioo wala plastiki. Kioo cha dirisha huzuia UVB karibu yote, kwa hiyo jua la dirishani ni mwanga tu. Wavu nao hupunguza mionzi. Kama taa iko juu ya wavu, isogeze karibu zaidi.
4. Badilisha taa kila baada ya miezi 12, hata kama inawaka vizuri. Mwanga unaouona hubaki, UVB ndiyo inayoisha. Andika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kofia ya mrija siku unapoufunga.

Taa ziwake kwa muda wa saa 12 na zizimwe kwa muda wa saa 12, kwa kifaa cha kujiwasha na kujizima.

## Hatua ya 4: Maji na unyevu

Beseni liwe kubwa la kumtosha kulala mwili mzima, na maji yamfike mabegani. Weka jiwe au tawi la kutokea, hasa kwa mtoto.

Jiandae kisaikolojia: humo ndimo atakamojisaidia. Karibu wote hufanya hivyo, kisha huyanywa maji hayohayo. Ndiyo sababu ya mabeseni mawili. Kila siku toa lenye uchafu, weka safi papo hapo, kisha lile la kwanza lisugue kwa maji moto na sabuni, lisuuze sana na lianikwe mpaka kesho. Ukiwa na beseni moja, ipo siku utaahirisha.

Unyevu wa hewa uwe asilimia 60 hadi 80. Nyunyizia asubuhi na jioni, loweka majani na udongo kidogo, kisha acha ushuke mchana. Kosa la kawaida ni kudhani mjusi wa maji anataka kizimba kinachotiririka saa zote. Maji yakituama na hewa ikisimama, utaona malengelenge tumboni, ukungu na mafua ya mapafu. Kipimo rahisi ni hiki: chukua udongo, kamata ngumi. Ukishikamana bila kutoa tone, sawa. Ukidondosha maji, umezidisha.

Utajua umefaulu: kwa siku tatu mfululizo vipimo vya joto na unyevu vimekaa ndani ya mipaka bila wewe kuhangaika navyo.

## Hatua ya 5: Mwingize, kisha mwache

Kama una mijusi mingine, huyu akae chumba tofauti kwa siku 60 au zaidi, na vifaa visichanganywe. Peleka kinyesi kibichi kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia, kipimwe minyoo na vimelea vingine. Usimpe dawa ya minyoo kwa kubahatisha. Dozi ya mbuzi au ya paka haipunguzwi kwa macho.

Wiki mbili za kwanza usimshike. Badilisha maji, weka chakula, ondoka. Funika sehemu ya kioo kwa kitambaa kama anarukaruka. Siku chache za kutokula si msiba kwa mjusi mzima aliyehama nyumba. Kwa mtoto, asipokula siku tatu mpigie daktari.

Usiweke madume mawili pamoja, hata kama wanaonekana wametulia. Mmoja anapojilaza juu ya mwenzake chini ya taa, watu husema wanapendana. Ukweli ni kwamba wa juu anajitwalia joto na mionzi, na wa chini anadhoofika kimyakimya. Kwa anayeanza, mmoja anatosha.

## Hatua ya 6: Chakula

Uti wa mgongo wa mlo ni wadudu: nyenje, panzi, mende wa kufugwa, mabuu ya nzi askari mweusi, na nyungunyungu. Badilisha aina. Funza wenye mafuta mengi, wale weupe wanono, wabaki kuwa zawadi ya mara mojamoja. Mjusi hunogewa nao kiasi cha kukataa vingine. Kinda la panya mara chache tu kwa mjusi mzima. Majani na matunda kidogo yanaruhusiwa, kama moja ya kumi ya mlo, na wengine hawatayagusa kamwe. Mchicha mwingi haufai kwa sababu hufunga kalsiamu. Parachichi usimpe kabisa.

Ukubwa wa mdudu usizidi nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi.

Watoto hula kila siku, kiasi wanachomaliza kwa dakika 10 hadi 15. Mjusi mzima hula mara mbili au tatu kwa wiki. Kumpa kila siku kwa sababu "anaomba" ndiyo njia ya kumnenepesha. Msingi wa mkia uwe umejaa lakini usivimbe.

Sasa kuna mambo mawili ambayo bila hayo wadudu ni maganda matupu.

Kwanza walishe wadudu. Saa 24 hadi 48 kabla ya kumpa, wape majani ya kijani, karoti, boga na nafaka iliyosagwa. Kilicho ndani ya tumbo la nyenje ndicho mjusi wako atakachokula.

Pili wapake unga. Nyenje wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na uwiano huo huvuta kalsiamu kutoka mifupani. Weka wadudu kwenye mfuko wa plastiki, tia kalsiamu kama nusu kijiko cha chai, funga mdomo, tikisa taratibu mara chache. Wakitoka wawe weupe kidogo kama waliopita penye vumbi. Wakiwa wamevaa koti zima, mjusi atawatema. Wape papo hapo, maana baada ya muda mfupi watakuwa wamejisafisha. Mtoto apate kalsiamu karibu kila mlo, mkubwa kila mlo wa pili. Vitamini zenye D3 ziwe mara moja kwa wiki kwa mtoto, na mara mbili kwa mwezi kwa mkubwa. Usizidishe: D3 iliyozidi hugeuka sumu.

Tahadhari: wadudu wa kuokota nje wanaweza kuwa wamepuliziwa dawa. Vimulimuli ni hatari zaidi: kemikali yao huua mijusi, na mmoja anaweza kutosha. Ondoa pia nyenje waliosalia kabla ya kuzima taa. Usiku wao ndio wanaomla mjusi, hasa vidole na kope.

## Hatua ya 7: Mzoeshe mkono wako

Juu ya utosi wake kuna doa dogo la mviringo lililopauka. Hilo ni jicho la tatu. Halioni picha, lakini linahisi mwanga na kivuli. Mkono unaoshuka kutoka juu, kwake, ni kipanga. Ingia kwa upande, chini ya usawa wa kichwa, polepole, ukiwa na mdudu kwenye kibanio.

Akizoea kula karibu na mkono, mwache apande mwenyewe. Kisha mbebe kwa kumkinga kifua na miguu ya nyuma. Usimshike mkia kamwe. Unaweza kukatika, na unaoota baadaye haufanani na wa kwanza. Akipunga mkono mmoja hewani si kwamba anakusalimu. Anakubali kushindwa, kwa hiyo rudi nyuma. Akitikisa kichwa juu na chini na kutunisha koo, anakuonya.

Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Reptilia hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua, hivyo mjusi, beseni lake na vyombo vyake visifike jikoni, na watoto wadogo wasimshike bila mtu mzima kuwasimamia.

## Hatua ya 8: Mkague kila wiki

Mpime uzito siku ileile ya wiki na uandike. Mtoto apande. Mzima abaki palepale. Akishuka wiki tatu mfululizo, usisubiri ya nne.

Kisha mwangalie mdomoni kwa nje, vidoleni, tumboni. Vidole vinavyotetemeka, taya inayobonyea, mgongo uliopinda au mwendo wa kujikokota ni dalili za mifupa kukosa kalsiamu. Hapo mpeleke kwa daktari, na siku hiyohiyo kagua taa ya UVB. Mdomo wazi wakati hayuko kwenye joto, mapovu puani au sauti ya kukoroma ni mapafu. Mabaka ya njano au kahawia yenye kigaga ni ukungu. Usiyapake chochote cha nyumbani.

Anapojivua gamba hutoka vipandevipande, na ni sawa. Tazama ncha za mkia na vidole: gamba likibaki limezunguka hapo hukaza na kukata damu. Mloweke kwenye maji vuguvugu dakika 20, kisha sugua kwa kitambaa laini. Usibandue kwa kucha.

Rangi ya kahawia asubuhi kabla joto halijapanda isikutishe. Ikibaki hivyo mchana kutwa, ana baridi, ana hofu au anaumwa, kwa mpangilio huo wa uwezekano.

## Hatua ya 9: Kama ni jike, jiandae kwa mayai

Jike hutaga hata asipokutana na dume. Akikosa pa kutagia huyazuia tumboni, na hilo humuua.

Dalili ni tumbo lenye vinundu, hamu ya chakula kushuka ghafla, na kuchimba kila pembe. Mwekee sanduku lenye udongo mbichi wa kina cha sentimita 25 hadi 30, kubwa la kumwezesha kugeuka, mahali penye kivuli. Usimchungulie. Akitaga hufukia, na utaona ngozi ya ubavuni imelegea na udongo puani.

Akichimba siku kadhaa bila kutaga, kisha akalegea na kufumba macho mchana, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Mayai yasiyo na mbegu hunyauka au kuota ukungu. Karibu yote ya jike aliye peke yake huwa hivyo, ingawa mwaka 2016 katika bustani ya wanyama ya Smithsonian huko Washington, jike wa aina hii alipata kifaranga bila dume, na vipimo vya vinasaba vikathibitisha. Yatoe, umpe maji safi na umnyunyizie kwa chupa, na kwa wiki mbili mlishe kila siku wadudu waliopakwa kalsiamu hadi uzito urudi ulipokuwa.